Uvira: Kampira kadogo ka jicho kanavyoweza kuharibu au kuokoa picha ya harusi

UVIRA, Kivu Kusini – Siku ya Jumamosi, saa tisa na nusu mchana, ufuko wa ziwa Tanganyika unakuwa wa maharusi. Bibi harusi anasimamishwa maji yakiwa nyuma yake, na milima ya Burundi inaonekana kwa mbali kama moshi. Mpiga picha anasimama mbele yao, ameipa mgongo milima ya Mitumba. Jua, ambalo saa hizo limekwisha hamia upande wa milima hiyo, linampiga kisogoni.

Jua hilo haliishii kisogoni. Linapita kando ya shavu lake na kuingia katika kitundu anachoangalilia. Badala ya kumuona bibi harusi vizuri, anaona weupe unaong'aa na kivuli cha kope zake mwenyewe. Anafanya kama wanavyofanya wengi: mkono wa kushoto, uliopaswa kushika lenzi, anautoa na kuziba nao jua. Apareyi inatikisika mkononi, naye anapiga kwa kubahatisha. Usiku, mbele ya kompyuta, anagundua kwamba mawimbi ya ziwa yametoka safi sana, lakini macho ya bibi harusi yana ukungu.

Harusi hairudiwi. Familia imelipa, wageni wamekwisha rudi Baraka, Fizi, Sange au Bukavu, na nguo ya kukodi imekwisha rudishwa kwa mwenyewe. Mara nyingi chanzo cha hasara ni kipande cha mpira kisichozidi upana wa vidole viwili, ambacho kilidondoka zamani ndani ya teksi-moto na mwenye apareyi akaona si kitu.

Kipande hicho ndicho mpira wa jicho. Wenye kutumia Kifaransa wanakiita œilleton. Kinakaa nyuma ya apareyi, kikizunguka kitundu cha kuangalilia, yaani kitazamio. Ni kati ya vitu vya bei ndogo kabisa katika kazi ya picha. Lakini kukipata kinachoingia sawasawa katika apareyi yako ni habari nyingine, hasa katika mji kama Uvira, ambako kamera za filamu za enzi za wazazi na kamera mpya za dijitali zinakutana katika mtaa mmoja.

Kazi tatu za mpira huo

Kazi ya kwanza ni kuzuia mwanga wa pembeni. Jicho likifunikwa vizuri, mboni inapanuka, picha ndani ya kitazamio inaonekana yenye nguvu, na mpiga picha anaona kama amelenga macho ya mtu au ukuta ulio nyuma yake. Kwa wenye kutumia kamera za filamu, ambazo nyingi hulengwa kwa mkono, bila hilo kazi inakuwa ngumu mno.

Kazi ya pili watu wengi hawaijui. Katika kamera zenye kioo cha ndani, zile zinazotoa mlio wa kioo kuruka kila unapopiga, kipimo cha mwanga mara nyingi kimewekwa juu, karibu na kitazamio. Canon AE-1, iliyotoka mwaka 1976, imejengwa hivyo, na kamera nyingi za dijitali zenye kioo zinafuata njia hiyo hiyo. Maana yake ni kwamba mwanga unaoingia kwa nyuma unaweza kufika kwenye kipimo. Kamera inadhani mahali pana mwanga mwingi kuliko ulivyo, inapunguza, na picha inatoka na giza. Nyuso za watu weusi mbele ya ziwa linalong'aa tayari ni mtihani kwa kamera yoyote. Kosa hilo likiongezeka, uso unapotea kabisa.

Hatari ni kubwa zaidi pale mpiga picha anapoweka kamera kwenye miguu mitatu, anaiachia ijihesabie yenyewe, naye anakimbia kujiunga na kundi. Hapo hakuna jicho la kuziba kitundu. Mpira wa jicho nao hautoshi, kwa sababu mbele yake hakuna uso. Kinachotakiwa ni kifuniko. Kamera nyingi za Canon za dijitali huja na kipande cha mpira mweusi kilichofungwa kwenye mkanda wa shingoni. Wengi wanakiona kama pambo, na wengine wanakikata wakidhani kinawasumbua. Kumbe hicho ndicho kifuniko cha kitazamio: unatoa mpira wa jicho, unaingiza kipande hicho mahali pake, kisha unaacha kamera ipige yenyewe. Nikon nao wana kifuniko kidogo cha plastiki kinachoitwa DK-5 kwa kamera nyingi zenye kitazamio cha mraba. Kamera zao kubwa, kama D700 na D850, zina pazia la ndani linalofungwa kwa kijiti kando ya kitazamio.

Kazi ya tatu ni kulinda miwani na ngozi. Kamera nyingi za zamani zilizunguka kitundu chao kwa pete ya chuma au plastiki ngumu. Mwenye miwani akiiegemeza kila siku, vioo vyake vinapata mikwaruzo katikati kabisa, pale anapoangalilia. Miwani ya daktari kwa mkaaji wa Uvira si kitu cha kununua kila mwezi.

Kamera za baba: pete za kuzungusha

Wapiga picha waliofanya kazi kabla ya dijitali wanazikumbuka Pentax K1000, Canon AE-1 na Nikon FM2. K1000 ilitengenezwa tangu 1976 hadi 1997, na kwa vijana wengi duniani ndiyo iliyokuwa kamera ya shule. FM2 ilitoka mwaka 1982. Ilipendwa na waandishi wa habari waliokuwa wakienda mbali na umeme, kwa sababu mitambo yake inafanya kazi bila betri. Betri ikiisha, kinachokufa ni kipimo cha mwanga tu. Kwa mji ambao umeme wa SNEL unaweza kukatika bila kuaga, mtu anaelewa kwa nini apareyi kama hizo hazikutupwa.

Katika kamera hizo kuna familia mbili za kufunga mpira wa jicho, na kosa la kwanza la wanunuzi ni kutozitofautisha.

Familia ya kwanza ni ya kuzungusha, kama kifuniko cha chupa. Hii ni ya Nikon. FM2, FE2 na FM3A zina kitazamio cha mviringo chenye meno ya ndani ya upana wa milimita 19. Mpira wake unaitwa DK-3. Unatoa pete iliyopo, unaweka mpira, unazungusha, basi.

Lakini Nikon hao hao wana mviringo wa pili, mkubwa zaidi, wa milimita 22. Huo ulianza kuonekana katika kamera kubwa kama F3HP ya mwaka 1982. Herufi HP zinamaanisha kwamba mtu anaweza kuweka jicho mbali kidogo, kama sentimita mbili na nusu, na bado akaona picha nzima. Ilikuwa habari njema kwa wenye miwani. Matokeo yake ni kwamba mpira wa FM2 hauingii katika F3HP, hata kama zote zimeandikwa Nikon na zote ni za mviringo. Tofauti ni milimita tatu tu, lakini ukilazimisha, unaharibu meno ya kamera, na meno hayo hayatengenezwi kwa gundi.

Familia ya pili ni ya kutelezesha. Kitazamio ni cha mraba au mstatili, na pembeni mwake kuna mifereji miwili. Mpira unashuka kutoka juu kama mlango wa kusukuma. Pentax K1000 na Canon AE-1 ziko katika kundi hili. Mpira wa AE-1 unaitwa 4S, nao unaingia pia katika A-1. Hapa tatizo ni jingine: mpira wa kutelezesha unaweza pia kuteleza kutoka. Kamera ikining'inia kifuani, ikisuguliwa na koti kila hatua, siku moja mpira unabaki njiani. Ndiyo maana ni vigumu leo kukuta AE-1 ya zamani ikiwa bado na mpira wake.

Pale filamu na dijitali zinaposhikana mkono

Habari njema ni kwamba kampuni kubwa hazikubadilisha kila kitu zilipoacha filamu. Mwenye kujua anaweza kuchukua mpira wa kamera ya zamani na kuutumia katika mpya, au kinyume chake.

Kwa Canon, herufi ndizo zinazosema. Mpira ulioandikwa Eb ulitumika katika kamera za filamu kama EOS 5 na EOS 30, na ukaendelea hadi dijitali: 20D, 40D, 50D, 60D, 70D, 5D ya kwanza, 5D Mark II na 6D. Kwa hiyo mtu mwenye EOS ya filamu iliyokufa kabisa, iliyobaki kabatini kama kumbukumbu, anaweza kuvua mpira wake na kuuvisha 5D Mark II inayofanya kazi kila Jumamosi.

Mpira wa Ef ni wa kamera ndogo, zile ambazo vijana wengi huanza nazo: 350D, 450D, 550D, 600D, 1100D na ndugu zao. Hauingiliani na Eb, hata kama kwa macho vinafanana. Kisha kuna Eg, wa 7D, 5D Mark III, 5D Mark IV na 1D X. Kosa linalotokea mara kwa mara ni la mtu aliyepanda kutoka 5D Mark II kwenda 5D Mark III. Anadhani kwa kuwa jina ni moja na mpira ni mmoja. Sivyo. Mark II ni Eb, Mark III ni Eg. Akiagiza wa zamani kutoka mbali, fedha imepotea.

Kwa Nikon, njia ni mbili vilevile. Kamera zenye kitazamio cha mviringo mkubwa, kama D700, D800 na D850, zinachukua mpira uitwao DK-19. Huu hauzungushwi wenyewe. Unafungua kwanza pete ya kioo iitwayo DK-17, unaipitisha katika mpira, kisha unarudisha vyote viwili pamoja. Kabla ya kufungua, pazia la kitazamio lifungwe, kwa sababu ndilo linalofungua kufuli ya pete na ndilo linalozuia vumbi kuingia. Katika msimu wa kiangazi, upepo unapoleta vumbi la bonde la Ruzizi mjini, sekunde chache za kitundu wazi zinatosha kuingiza chembe ambayo mtu ataiangalia mwaka mzima.

Kamera za Nikon zenye kitazamio cha mraba zinatumia mipira ya kutelezesha: DK-21 kwa D90, D7000, D610 na D750, DK-23 kwa D300, D7100 na D7200, DK-20 kwa D3100 na D5100, DK-25 kwa D3300 na D5300. DK-21 na DK-23 zinaingia katika mfereji mmoja. Tofauti ni kwamba DK-23 imesimama zaidi, hivyo inaziba mwanga zaidi. Wenye D7000 wengi wamehamia DK-23 kwa sababu hiyo.

Na hapa ndipo panapopatikana ujanja unaopendwa na wajuzi. Nikon wanatengeneza kipande kidogo kiitwacho DK-22. Kilikusudiwa kufungia kamera za mraba vifaa vingine vya kitazamio, kama kioo cha kukuza. Lakini meno yake ni yale yale ya mviringo mdogo wa FM2. Kwa hiyo mtu anaingiza DK-22 katika mfereji wa D90 au D750, kisha anazungusha juu yake DK-3, mpira wa kamera ya filamu ya mwaka 1982. Matokeo ni mpira mpana, laini, wa mviringo, usioteleza kirahisi kama ule mdogo wa kiwandani. Apareyi ya mtoto inavaa kofia ya baba yake, na kofia inamkaa vizuri.

Kamera mpya zisizo na kioo

Tangu 2018, Canon na Nikon wote wameingia kwa nguvu katika kamera zisizo na kioo cha ndani, njia ambayo Sony walikuwa wameishaianza. Katika kamera hizo, kitazamio kimekuwa skrini ndogo sana inayoangaliwa kupitia lenzi. Kipimo cha mwanga kinatoka moja kwa moja kwenye kile kinachonasa picha, kwa hiyo ule ugonjwa wa mwanga wa nyuma kudanganya kipimo umekwisha.

Lakini magonjwa mengine mawili yamezaliwa. La kwanza ni la jicho la umeme. Karibu na kitazamio kuna kihisio kidogo kinachojua kama uso umekaribia. Uso ukikaribia, skrini ya nyuma inazimika na kitazamio kinawaka. Mpira wa jicho usio wa kamera hiyo, hasa ule mpana uliokatwa kwa kubahatisha, unaweza kukiziba kihisio hicho. Kamera inadhani kuna mtu anayeangalia muda wote, na skrini ya nyuma haiwaki tena. Kuna wenye kamera wanaofikiri skrini imekufa na kuipeleka kwa fundi, kumbe ni mpira. Kabla ya kulipa fundi, toa mpira kwanza na ujaribu.

La pili ni la jua. Lenzi ya kitazamio inafanya kazi kama kioo cha kukuza ambacho watoto hukitumia kuchoma karatasi. Kamera ikiachwa juu ya meza ufukweni, kitazamio kikielekea jua, mwanga unakusanyika juu ya ile skrini ndogo na kuiunguza. Doa linabaki hapo daima. Watengenezaji wenyewe wanaonya juu ya hilo katika vitabu vya maelekezo, lakini apareyi nyingi zinazofika Uvira zimepitia mikono miwili au mitatu na kitabu kimebaki kwa mnunuzi wa kwanza. Mpira wa jicho unapunguza hatari, hauiondoi. Dawa ni kuilaza kamera kitazamio kikiwa chini kivulini, au kuifunika kitambaa.

Ugumu mwingine wa kamera hizi ni kwamba mpira wa moja mara nyingi hauingii katika nyingine, hata za kampuni moja. Sony A6000 inachukua FDA-EP10, A6400 inachukua FDA-EP17, na A7 III inachukua FDA-EP18. Majina ya kamera yanafanana, mipira yake haifanani. Hapa hakuna ujanja wa kofia ya baba.

Kwa nini jambo dogo linakuwa kubwa Uvira

Mahali ambapo duka la kamera liko kila kona, kupoteza mpira wa jicho ni jambo la dakika kumi. Uvira hali ni nyingine. Bidhaa za namna hiyo zinafika kwa kupitia Bujumbura, kwa mpaka wa Kavimvira, au zinateremka kutoka Bukavu kwa barabara ya kitaifa namba 5, au zinavuka ziwa kutoka Kigoma hadi bandari ya Kalundu. Njia zote tatu zina siku zake mbaya. Maji ya ziwa yamepanda katika miaka ya karibuni na kuingia katika mitaa ya ufukweni na maeneo ya bandari. Barabara ya uwanda wa Ruzizi inajua vita na madaraja yaliyobebwa na mvua. Na mpaka unapofungwa, hata sindano haipiti.

Kifaa chenyewe nacho kimepitia mengi. Mwezi Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika usiku na kubomoa nyumba kwa maelfu. Watu walikufa, na waliookoka wengi walitoka na nguo walizovaa. Mwezi Desemba 2025 vita vilipofika mjini, maelfu ya wakaaji walivuka kwenda Burundi. Katika safari kama hizo, mwenye apareyi anaitia katika mfuko pamoja na nguo za watoto na sufuria. Apareyi inaweza kuokoka. Mpira wa jicho, unaoshikiliwa na mifereji miwili tu, ndio wa kwanza kubaki nyuma.

Na bila apareyi inayofanya kazi sawasawa, kinachopotea ni zaidi ya kipato cha siku. Kwa familia ambazo albamu zao zilibebwa na maji, picha ya harusi ya mtoto au ya diplome ya kwanza ndiyo mwanzo mpya wa kumbukumbu za nyumba. Wanaotaka picha hiyo itoke safi hawajui kitu juu ya milimita 19 na milimita 22. Wanamtegemea mpiga picha ajue.

Namna ya kununua bila kudanganyika

Hatua ya kwanza ni kusoma jina kamili la apareyi, si la kampuni tu. Kusema "nataka wa Canon" ni sawa na kwenda kwa muuza viatu na kusema "nataka cha mguu".

Hatua ya pili ni kuangalia namna ya kufunga. Kitazamio ni cha mviringo chenye meno, au cha mraba chenye mifereji? Kama ni cha mviringo, chukua rula ya mwanafunzi na upime upana wa ndani. Kama ni cha mraba, ondoa mpira uliochakaa na uugeuze: mara nyingi herufi au namba yake imeandikwa upande wa ndani, kwa maandishi madogo.

Hatua ya tatu ni kujaribu kabla ya kulipa, inapowezekana. Mpira mzuri unaingia kwa nguvu kidogo na kukaa. Ukiingia kwa ulaini kama ufunguo katika kufuli iliyolegea, utatoka kwa ulaini huo huo. Mipira ya kuiga, isiyotengenezwa na kampuni ya kamera, ni ya bei ndogo na mingine inafaa kabisa. Inayofaa na isiyofaa zinajulikana hapo kwenye mfereji.

Mwenye miwani afikiri mara mbili kabla ya kuchagua mpira mrefu. Mpira mrefu unalisukuma jicho mbali na kitundu, na jicho likiwa mbali, pembe za picha zinapotea. Anakata kichwa cha baba mkwe bila kujua. Kwa huyo, mpira mfupi, au ule unaokunjwa kurudi nyuma, unafaa zaidi. Na kabla ya yote, azungushe kile kigurudumu kidogo kando ya kitazamio cha kamera za dijitali. Kinarekebisha kioo kwa nguvu ya jicho la mtu. Wengi wenye miwani ya kuonea mbali, isiyo na nguvu nyingi, wanaweza kufanya kazi bila kuivaa wakishakirekebisha. Kamera kama AE-1 haina kigurudumu hicho. Zamani watu walinunua vioo vya ziada vya kuingiza katika kitazamio.

Ukikosa kabisa

Mahali pasipo duka, mikono inatafuta njia. Mpira wa ndani wa tairi la pikipiki, ukikatwa kwa mkasi na kufungwa kuzunguka kitazamio, unaziba mwanga kwa siku moja ya kazi. Kitambaa cheusi, kinachomfunika mpiga picha kichwa pamoja na kamera, kilitumika tangu mwanzo wa kazi ya picha na bado kinafanya kazi, ingawa katika joto la Uvira si mzaha. Kofia yenye ukingo mpana inasaidia kuliko watu wanavyodhani.

Yapo mawili ya kukataa. La kwanza ni kola kali, ile inayoshika kwa sekunde. Moshi wake unaacha ukungu mweupe juu ya vioo vilivyo karibu, na mpira uliogandishwa hauwezi tena kutolewa ili kusafisha kitazamio. Kipande cha skochi cheusi kinatosha kushikilia mpira uliolegea. La pili ni kusafisha mpira kwa petroli au tina ya rangi. Mpira unalainika, unaanza kunata, kisha unapasuka. Maji kidogo yenye sabuni, kisha kitambaa kikavu, ndiyo dawa.

Sabuni hiyo ina kazi nyingine. Katika studio ambako apareyi moja inatumiwa na watu watatu au wanne kwa siku, mpira wa jicho unagusa macho ya wote. Ugonjwa wa macho mekundu unapita kwa mguso. Wakati ugonjwa huo umeingia mtaani, kila mtumiaji angekuwa na mpira wake mfukoni, au angalau upanguswe kabla ya kubadilishana. Mfanyakazi wa picha macho yake ndiyo jembe lake.

Wenye kutaka usalama zaidi wanafunga uzi mwembamba kati ya mpira na tundu la mkanda wa kamera, kama mama anavyofunga kofia ya mtoto chini ya kidevu. Mpira ukichomoka juu ya pikipiki kati ya Mulongwe na Kalundu, unabaki ukining'inia. Ni uzi wa franka chache. Jumamosi ifuatayo, saa tisa na nusu, jua likirudi kisogoni na bibi harusi akiwa amesimama mbele ya ziwa, mkono wa kushoto utabaki pale unapotakiwa: chini ya lenzi.